Rael Chepkurui na Blanketi Zisizolaliwa

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa kutoka Ndanai hadi Kaplong, na nyinyi akina mama mlio kule kwenye sufuria, naomba muache mwiko kidogo mje karibu, kwa sababu nitakayosoma hapa ni maisha ya mtu, na maisha ya mtu hayasikilizwi kwa sikio moja. Mimi ni Esther Chelang'at, dada ya Mzee Hezekiah arap Kemoi na wifi ya marehemu, na kazi hii nimepewa baada ya mvutano mkubwa, kwa maana kamati ya mazishi ilikuwa imeandaa historia yake, imepigwa taipu vizuri kabisa, na mahali pa watoto imeandikwa wanne. Nilisema wanne sisomi, na kama ni wanne basi mtafute mtu mwingine mwenye sauti, na mnanijua, nikikata kauli nimekata. Karatasi niliyo nayo ni nyingine, nami nitaisoma hatua kwa hatua jinsi inavyotakiwa, na huyo kijana anayeongoza shughuli asinionyeshe saa.

Najua pia kwamba wengi wenu mmenung'unika kuteremshwa mpaka huku chini karibu na mto, mkapita katikati ya majani chai na viatu vyenu vizuri vikaingia matope, mkaulizana kwa nini mama wa watu asizikwe kule juu kando ya nyumba kama wengine. Mtajua, vumilieni.

Marehemu Rael Chepkurui alizaliwa tarehe 9 Aprili 1947, karibu na soko la Ndanai, katika ile iliyokuwa Wilaya ya Kericho na ambayo sasa ni Bomet, akiwa mtoto wa tatu katika nyumba ya wafugaji waliopanda pia wimbi na mahindi. Mama yake, ambaye tulimzika mwaka 1981, alikuwa akituambia kwamba huyu mtoto hakujua kukaa kitako, kwamba ukimpakata anashuka, ukimshusha anapanda, na ukimwachia kikapu kilichosukwa unarudi unakuta nyuzi tupu. Alianza shule ya msingi huko huko Ndanai mwaka 1955, akasoma mpaka darasa la sita, na mwaka 1964 akajiunga na darasa la ushonaji la akina mama kule Kabianga, ambako mwalimu wake alilalamika kwamba Rael anashona gauni zuri kuliko wote, halafu kabla halijapigwa pasi ameshalifumua, ati aone kama lingependeza zaidi likikatwa vingine.

Alianza kazi mwaka 1965, akishona sare za shule kwenye veranda ya duka pale Kaplong, na kuanzia mwaka 1978 akashona katika duka la vitambaa la Mama Jecinta Nganga, ambaye yuko hapa leo pale mstari wa mbele, na ambaye hakuwa mwajiri tu bali rafiki, kwa sababu mwaka 1992, wakati wa ule mtafaruku wa makabila, Jecinta alipofunga duka akaondoka na watoto, marobota yake ya vitambaa yalilala chini ya kitanda cha Rael mpaka amani iliporudi, na hakuna aliyethubutu kuuliza chini ya kitanda kile kuna nini.

Alifunga ndoa kanisani na ndugu yangu Hezekiah tarehe 17 Desemba 1966, akaletwa kwenye mlima huu, na mimi ndiye niliyempokea langoni nikiwa msichana mdogo mwenye mdomo mrefu, na tangu siku ile hatukuwahi kukosana kwa jambo la maana, ingawa madogo yalikuwa mengi na mengine ni mimi niliyeyaanzisha.

Sasa tumefika kwa watoto. Mungu aliwajalia watoto watano, nami nitawataja, ambao ni Weldon aliyezaliwa mwaka 1968, Chepkorir aliyezaliwa mwaka 1970, Janeffer aliyezaliwa mwaka 1972, Kipkoech aliyezaliwa mwaka 1976, na kitinda mimba wetu Gladys aliyezaliwa mwaka 1980. Nimesikia wazee wakikohoa. Kohoeni tu, nitawangoja.

Chepkorir alizaliwa tarehe 2 Mei 1970, karibu na mapambazuko, na alipofanyiwa kurenet, yaani kuitiwa majina ya waliotangulia mpaka apige chafya, alipiga chafya kwa jina la nyanya yetu, tukacheka, kwa sababu nyanya huyo alikuwa mpenda ugoro. Mtoto alikuwa mnene, mwenye kelele, akifungwa kwa shali ndogo ya manjano ambayo mama yake aliikata na kuipinda mwenyewe, na tarehe 11 Oktoba mwaka huo huo, baada ya kukohoa kwa muda mfupi, akatutoka.

Wakubwa mnajua ilivyokuwa. Baba yetu alishika sana ya zamani, na ya zamani ilisema kwamba mtoto aliyekufa kabla ya kutembea haliliwi kwa sauti, jina lake halitajwi tena, hahesabiwi, mama yake hafuati kumzika wala haonyeshwi mahali, ili wale wanaokuja baadaye wasiogope njia. Wakamchukua mtoto, baba yetu na Hezekiah peke yao, mvua ikinyesha, na ile shali ya manjano baba akairudisha mlangoni, akisema kitu cha mama hakiendi na mtoto. Rael aliketi jikoni akiwa ameishika ile shali, ingali na joto, na nilikuwa pale, na kama kuna kitu nimetaka kukisahau maishani ni uso wake siku ile.

Hezekiah alirudi ameloa chapachapa, bila koti, lile koti lake zito la bluu alilojinunulia akijiandaa kwa harusi, na alipoulizwa akasema aliliacha soko la Ndanai. Jameni, tulimcheka ndugu yangu kwa lile koti! Kila alipokwenda Ndanai tulimwambia asalimie koti, na yeye hakujibu hata siku moja.

Mwaka 1974 tukaingia kwenye kilimo cha majani chai kama wengine, na mteremko huu wote, kuanzia kwenye nyumba mpaka mtoni, ukafyekwa, mti mkubwa wa tebeswet uliokuwa huku chini ukakatwa, miche ikapandwa mstari kwa mstari, na baada ya muda mtu akisimama juu haoni chochote ila kijani. Rael alimwuliza mumewe mtoto yuko wapi. Hezekiah alikuwa amemwapia baba kwamba hatamwonyesha, na baba akafariki mwaka 1979 bila kumfungua, kwa hivyo ndugu yangu akanyamaza, na Rael akauliza tena, na tena, halafu siku moja akaacha kuuliza kwa mdomo.

Mliochuma naye majani mnakumbuka alivyokuwa akichuma. Hakumaliza mstari. Anaanza hapa, mara amerukia kule, mara yuko chini mtoni akiangalia mizizi, na watu wakasema mama huyu hana utaratibu, wengine wakasema ni uvivu, wakati mtu mwenyewe alikuwa akitembea shamba lile lile mara mia akitafuta aliko mtoto wake, akiogopa kwamba pengine ndipo alipokanyaga.

Mwaka 1990 Kipkoech alianguka kutoka juu ya mti akavunjika mguu, akalazwa hospitali ya Kaplong, na katika kitanda cha jirani kulikuwa na blanketi ya vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, zile ambazo wazungu huziita kwilti, iliyoletwa na mtawa mmoja mgeni. Rael aliigeuza akaangalia upande wa nyuma, akahesabu tabaka zake, vipande juu, kitu kizito katikati, kitambaa kimoja chini, na mishono ya mkono ikipita zote tatu, akarudi nyumbani akiwa roho juu. Lakini alisema ile ya mtawa ilikuwa na mraba na mraba na mraba, mambo ya shamba la shule, na yeye alitaka ya kwake iwe na mlima.

Hapo ndipo nyumba ilipogeuka kiwanda. Aliomba masalio ya sare za shule kutoka kwa Jecinta, hasa ya kijani, maana alisema kijani si kimoja, kuna kijani cha jani lililochumwa jana, na cha lile lililosahauliwa, na cha kivulini, na cha baada ya mvua ya mawe. Kwa rangi ya udongo alichemsha vitambaa vyeupe kwenye majani chai mpaka vikawa kahawia, na Hezekiah akalalamika kwamba sufuria inanuka kama suruali, na akaambiwa anywe maziwa. Alipanga vipande nje kwenye nyasi, akavikandamiza kwa mawe madogo kuku wasivichakure, akavipanga upya, akavipanga tena, kisha akaanika kazi yake juu ya ua na kukimbia, mama mzima, mpaka mlima wa ng'ambo ili aitazame kutoka mbali, akarudi akihema na kuifumua. Katikati aliweka blanketi za kijivu zilizochakaa, chini kitambaa cha marekani, na mishono akaipitisha kwa mkono ikifuata mteremko kama mistari ya majani chai inavyofuata.

Na zote zilikuwa ni shamba hili. Ilichukua muda watu kutambua, kwa sababu moja ilikuwa shamba wakati wa ukungu, nyingine wakati wa jua kali, nyingine limepogolewa vijiti vitupu, lakini mto ulikuwa pale chini ukikunja, na njia pale, na bati la nyumba juu. Akina mama wa kanisa walimwuliza inatandikwa kitanda gani, naye akasema, "Hii hailaliwi, mama, hii inaangaliwa," wakaangaliana. Kwa maana mtu anayeshona blanketi na kukataza watu kulala, si ana lake jambo?

Lake jambo lilikuwa kipande cha manjano. Panya na miaka vilikuwa vimeila ile shali, kikabaki kipande cha ukubwa wa kiganja, na kipande hicho kilikuwa kimoja tu, naye alikishona katika kila blanketi, mahali fulani katikati ya kijani, na akimaliza blanketi na kuitundika sebuleni anaiangalia wiki, anaiangalia mbili, halafu anachukua wembe, anakitoa kile kipande, anaziba pengo kwa kijani, na kuanza blanketi nyingine ambayo manjano iko mahali pengine. Watoto walidhani ni jua. Wageni walidhani ni ua. Ndugu yangu alikula chakula chake miaka hiyo yote akizipa mgongo zile blanketi, na sisi tulidhani haoni thamani yake.

Mwezi wa Agosti 1996, katika siku ya maonyesho ya akina mama kule Kabianga, blanketi yake moja ilitundikwa mbele kabisa, na mgeni kutoka Nairobi akaipenda akataka kuinunua, wakakubaliana vizuri, na watu wakapiga makofi, kisha Rael akamwomba amrudishie kidogo tu. Akaketi kwenye nyasi, akatoa wembe kwenye mkoba, akafumua manjano, akaziba, akampa mtu blanketi yake. Mgeni alitoa macho, akasema picha imepoteza jicho, na nusura airudishe. Mimi nilimgombeza Rael mpaka stendi, nikamwambia ametuaibisha mbele ya watu, na tukiwa pale tunangoja gari ndipo aliponiambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Chelang'at, mimi sijui alipo, kwa hivyo sina mahali pa kukiacha. Na alienda bila kufunikwa, na mvua ilikuwa inanyesha."

Marehemu alianza kuugua mwezi wa Septemba 1998, akilalamika maumivu ya tumbo na kukonda, akatibiwa Kaplong akitoka na kurudi, na madaktari walipopata uvimbe walituambia ukweli bila kutuficha, na tarehe 10 Mei mwaka huu akalazwa. Hata kitandani hakutulia. Alihamisha mto, akahamisha shuka, akaomba kitanda cha dirishani, akapewa, akaomba cha upande ule, mpaka muuguzi Nyambeki akamwambia, "Mama Weldon, sasa kimebaki kitanda cha daktari." Alichokuwa akiuliza kila siku ni blanketi yake ya mwisho, aliyoiacha nyumbani imeunganishwa yote, isipokuwa kile kipande cha manjano, ambacho alikuwa amekibana kwa pini pembeni kwa sababu hakuwa amepata pa kukiweka.

Tarehe 29 Mei, siku ya Jumamosi, ndugu yangu alifika kwangu mchana na ile blanketi kwapani. Akaniomba sindano. Nikampa. Akaniomba nimtungie uzi, kwa maana macho yake hayaoni tundu, nikamtungia, nikasema lete nikushonee, akasema hapana. Aliketi kwenye kiti changu cha nje, huyu mtu ambaye hajawahi kushona hata kifungo, akaitandaza ile blanketi magotini, akaangalia mto, akafuata mto kwa kidole mpaka pale unapokunja, akapanda mistari michache, akaweka manjano, akaanza kushona. Mishono yenyewe, wacha tu, mikubwa kama ya gunia. Alijidunga, akalamba kidole, akaendelea. Alilia, na sitamficha, kwa maana ametumia miaka ishirini na tisa kujificha mwenyewe.

Jumapili tukaenda hospitali. Nyambeki akatusaidia kuitandaza miguuni pa kitanda, na Rael akaiangalia kama anavyoangalia kazi ya mtu mwingine, akakuta manjano, akakuta ile mishono mibaya, akamgeukia mumewe. Alinyoosha kidole akauliza, "Hapa?" Ndugu yangu akasema, "Hapo. Chini ya ule mti wa tebeswet." Kisha akauliza lile la pili, ambalo nadhani ndilo lililomzuia kulala tangu Oktoba 1970, akauliza, "Alifunikwa?"

Na Hezekiah akasema, "Nilimfunika na koti langu, Mama Weldon. Mzee alikuwa ametangulia kupanda mlima, hakuona."

Kumbe koti halikuwa Ndanai. Rael alikaa, akapumua, akasema polepole kwamba lile koti lilikuwa na joto sana, anakumbuka siku ya harusi, lilikuwa na bitana nzuri ndani. Halafu akaomba blanketi ivutwe mpaka kifuani, akaifunika mikono yake, na mikono ikalala. Nyambeki alikuja kupima mapigo ya moyo mara mbili kwa wasiwasi, hakuwa amezoea kumwona hivyo. Rael alikaa ametulia namna hiyo siku alizobakiwa nazo, akizungumza na watoto wake mmoja mmoja, akimfundisha Janeffer namna ya kuchemsha vitambaa, na asubuhi ya Alhamisi tarehe 3 Juni 1999 akalala moja kwa moja, mumewe akiwa kando yake.

Kwa hivyo mmejua kwa nini mko kwenye matope. Kamati iliwaonyesha wachimbaji mahali kule juu, lakini Mzee akateremka na jembe peke yake, akang'oa mashina ya majani chai aliyoyapanda kwa mkono wake, akasema hapa, kando ya huyu, na taratibu. Asubuhi ya leo wazee walipomfuata kumwuliza kwa mara ya mwisho historia iandikwe watoto wanne ama watano, alisema, "Baba alinifunga mimi, hakumfunga Rael. Andikeni watano." Weldon alikuwa ameomba ile blanketi ibaki, itundikwe sebuleni kama kumbukumbu, na wengine wakaona ni hasara kazi nzuri kama hiyo kuingia udongoni, lakini tumekubaliana itateremka naye, iwafunike wote wawili, na Weldon zimembakia nyingine za kutosha kuangalia. Katika zote alizoshona hii ndiyo ya kulaliwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kaplong, hasa Nyambeki aliyemhamishia vitanda bila kuchoka, na Mama Jecinta Nganga aliyemwekea kila kijani kilichopita dukani kwake, na majirani mliochuma majani yetu na kukamua ng'ombe wetu wiki hizi zote, na akina mama wa kanisa ambao jana walikuja kuuliza kama wanaweza kufundishwa ile kazi, na wachimbaji, na kamati pia, maana hatimaye mlisikia. Marehemu ameacha mume, watoto wanne, wajukuu saba, na anakwenda kwa mmoja.

Wifi yangu, umehama vya kutosha. Chepkorir yuko hapo kando yako, amejifunika koti la baba yake, na wewe umekuja na blanketi. Usihamishe kitu tena. Pumzika kwa amani.